Mjadala: Asiyejua sheria aadhibiwe sawa na anayeijua, hata akiwa ugenini?

Mzee wa baraza mstaafu, Mbeya

Ndugu zangu, naomba tuendeleze hapa jambo lililotugawa jioni moja Mwanjelwa, tukiwa watu sita na birika moja la kahawa, ambalo giza lilituingilia kabla hatujalimaliza. Kijana mmoja alisema kwamba Mtanzania anayekamatwa nchi ya mbali na mzigo wa dawa za kulevya hana wa kumlaumu, kwa kuwa kila nchi ina sheria zake na mgeni hana budi kuzitii hata kama adhabu yake ni kitanzi. Mwenzake akamjibu kwamba wengi wa hao hawajui wanachobeba wala hawajui sheria ya huko, na kwamba kumnyonga asiyejua ni dhuluma hata kama imeandikwa kitabuni. Mimi nilikaa miaka kadhaa kama mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, na nilichokisikia ni watu wawili wanaoyaita mambo mawili tofauti kwa jina moja, kisha wanagombana.

Kutojua sheria ni jambo moja, na kutojua unachokifanya ni jambo jingine. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema kwamba kutojua sheria si utetezi, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imetamka kwamba kuijua ni sehemu ya kosa. Kifungu cha 11 cha kanuni hiyo hiyo kinampa nafuu mtu aliyetenda akiamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi, ingawa alikosea, kwamba hali ya mambo ilikuwa tofauti na ilivyokuwa. Aliyebeba begi akijua lina heroini, ila hakujua kwamba nchi anayokwenda inanyonga kwa heroini, anaangukia kifungu cha 8. Aliyebeba begi la mtu akiamini lina nguo anaangukia kifungu cha 11, iwapo imani yake ina msingi. Katikati yao kipo kifungu cha 9, ambacho vijiweni hakitajwi kabisa, kinachomlinda mtu anayedai mali kwa nia njema akiamini ni haki yake. Nakumbuka bwana mmoja aliyeshtakiwa kwa kuvuna parachichi katika shamba ambalo ukoo wao wote uliamini ni urithi wake. Alijua vizuri kwamba wizi ni kosa. Tulimwachia kwa sababu hakuiba.

Watu husema kifungu cha 8 ni kikali, nami nakubali, lakini naelewa kwa nini kipo. Katika baraza letu washtakiwa wengi walianza kwa kusema hawakujua, na hakuna mzani wa kupimia kichwa cha mtu. Tena, kama kutojua kungekuwa kinga, mjanja angekuwa yule asiyeuliza.

Shida yangu ni kwamba kanuni hiyo inasimama juu ya dhana kuwa kila mtu anaijua sheria, ilhali kwa miaka mingi sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Mkulima wa Pawaga au Idodi, kandokando ya Hifadhi ya Ruaha, alifungwa na maneno ambayo hata mwenyekiti wake wa kijiji hakuweza kumsomea. Kila mtu huko anajua kwamba kuua tembo ni kosa. Si kila mtu anajua kwamba kipande cha ngozi ya mnyama alichokikuta ukutani kwa marehemu babu yake kinaitwa nyara ya serikali, na kwamba watu hupelekwa gerezani miaka 20 kwa kupatikana na nyara. Kumwambia mtu kama huyo kwamba alipaswa kujua ni rahisi kwa anayesema akiwa na kitabu mkononi.

Wenzetu wengine wameilegeza kanuni hii na mbingu hazikuanguka. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini, katika shauri la De Blom, mwanamke aliyekamatwa akitoka nchini na fedha na vito bila kibali, ilisema kwamba asiyejua kabisa kuwa tendo lake limekatazwa hana nia ya kosa. Ilimwachia kwa vito, lakini kwa fedha haikumwamini. Sheria ya Ujerumani nayo, katika kifungu cha 17 cha kanuni yao ya adhabu, humwondolea hatia mtu ambaye hakuweza kuepuka kutojua kwake. Naomba mliangalie neno hilo, kuepuka. Swali linakuwa: je, huyu angeuliza, angepata jibu?

Sasa twende ugenini. Singapore humnyonga anayesafirisha zaidi ya gramu 15 za heroini, na sheria yake huchukulia kwamba aliyekutwa na mzigo anaujua, hivyo mzigo wa kuthibitisha kwamba hakujua unabaki kwake. Indonesia ilimhukumu kifo Mary Jane Veloso, mama kutoka Ufilipino aliyekamatwa Yogyakarta Aprili 2010 na kilo 2.6 za heroini ndani ya begi, ambaye tangu mwanzo alisema kwamba begi alipewa na kwamba hakujua kilichomo. Mwaka 2015 aliponea saa za mwisho, wenzake wanane wakapigwa risasi usiku ule, na Desemba 2024 akarudishwa kwao. Kama serikali yake ingesema kwamba kila nchi ina sheria zake na kunyamaza, leo tungekuwa tunajadili kaburi lake.

Msimamo wangu, ambao niko tayari kuuona ukivunjwa, ni huu. Nchi mwenyeji ndiyo yenye haki ya kusema nani ana hatia katika ardhi yake, na mgeni hawezi kuingia na sheria za kwao mfukoni. Lakini kukubali mamlaka ya kuhukumu hakutulazimishi kuikubali kila adhabu kimyakimya, na kutojua, hata pale kusipoondoa hatia, lazima kuwe na uzito katika kipimo cha adhabu. Naomba mnijibu.

Dereva wa malori, Tunduma

Shikamoo mzee. Nimekusoma kwa heshima, ila mimi naliona jambo hili kutoka kwenye foleni ya malori na sikubaliani nawe. Ninavuka kwenda Nakonde na kuendelea mpaka Ndola, na kazi hii imenifundisha kwamba mwenye mzigo haramu hatafuti dereva jasiri. Anatafuta dereva asiyejua. Siku mahakama zikitangaza kwamba asiyejua anapunguziwa adhabu, watafutwa wasiojua wengi zaidi, vijana wa vijijini na akina dada wanaoahidiwa kazi, kwa sababu wakikamatwa hasara itakuwa ndogo na hawatakuwa na jina la kumtaja. Huruma yako, mzee, itawafaa wale wasiobeba kitu.

Halafu kuuliza si kazi ngumu hivyo. Mirungi ni zao halali kwa mkulima wa Meru, Kenya, lakini ukiingia nayo Tanzania ni dawa ya kulevya kama nyingine, na kila dereva wa njia hiyo anajua. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wapo wageni walioshuka na mifuko ya rambo mikononi, na mimi mwenyewe nilimwambia mama mmoja Mzambia aiache kabla hajavuka. Alinishukuru. Asingeambiwa angelalamika kwamba hakujua, na angekuwa anasema kweli, na mfuko bado ungekuwa mfuko. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini mgeni huyo apige hodi kwanza.

Mwanasheria, Iringa

Mzee wetu amevieleza vifungu vizuri, nami naongeza angalizo moja tu kwa kifungu cha 11: aliyefumba macho makusudi, aliyepewa begi zito na dola mkononi na hakuuliza kitu, hana imani yenye msingi. Kwa hiyo hofu ya ndugu dereva ina jibu ndani ya sheria iliyopo, maana anayetumiwa kwa hila na anayejifanya hajui hawako kapu moja, japokuwa kuwatofautisha ni kazi ya ushahidi na ushahidi ni kazi ngumu.

Ninachotaka kukigusa zaidi ni kunyamaza. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli inataka mgeni anayekamatwa aambiwe kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa. Jimbo la Arizona, Marekani, liliwaua kwa hukumu ndugu wawili wa Kijerumani, Karl na Walter LaGrand, mwaka 1999 — niseme kwa usahihi, mmoja kwa sindano na mwingine kwa gesi — bila kuwaeleza haki hiyo kwa wakati, na mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja mkataba. Hakuna aliyesema Ujerumani imeidharau Marekani kwa kwenda mahakamani. Mwaka 1994 Rais Clinton alimwombea kijana wa Kimarekani, Michael Fay, aliyehukumiwa viboko sita Singapore kwa kuharibu magari. Singapore haikufuta adhabu, ila ilivipunguza hadi vinne. Kuomba si kudharau.

Sisi wenyewe tumo katika historia hiyo. Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania aliyeshtakiwa kwa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wa Agosti 1998, alikamatwa Cape Town na kukabidhiwa kwa Wamarekani. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kumkabidhi bila kupata ahadi kuwa hatauawa kulikuwa kinyume cha sheria. Huko New York alipewa kifungo cha maisha.

Lakini hapa ndipo ninapomwekea mzee swali gumu. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale pale Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kifungu cha 197 cha Kanuni yetu ya Adhabu, kwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji bila kupima mazingira, kinakiuka haki ya uhai. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia iliifuta adhabu ya kifo Desemba 2022. Tunakwenda kwa sura gani kuwaomba watu wa mbali wapime mazingira ya mtoto wetu?

Mama mfanyabiashara, Kyela

Mimi si mwanasheria. Desemba 2016 Watanzania wanane walikamatwa Malawi karibu na mgodi wa urani wa Kayelekera, wakakaa mahabusu miezi kadhaa, na hapa sokoni sote tulisema wamekwenda kujifunza tu, hawakujua, Wamalawi wanawaonea. Wiki hiyo hiyo angekamatwa Mmalawi upande huu wa Mto Songwe tungesema sheria ni msumeno. Msumeno wetu unakata upande mmoja, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko vifungu vyenu.

Mzee wa baraza mstaafu, Mbeya

Marahaba mwanangu dereva. Umenishinda katika jambo moja: sikuwa nimefikiri kwamba nafuu kwa asiyejua inaweza kuwa faida kwa aliyemtuma. Hata hivyo wenye mizigo wanawatafuta wasiojua tangu zamani, wakati adhabu ni kitanzi, kwa hiyo ukali peke yake haukuwazuia. Kilichosaidia, kwa kadiri yake, ni habari. Padri John Wotherspoon, Mwaustralia aliyewahudumia wafungwa wa Hong Kong, alisambaza barua ambazo wafungwa Watanzania waliandika kwa mikono yao kuwaonya vijana wa nyumbani wasikubali mizigo ya watu. Mtu akisoma barua ya mwenzake wa mtaa mmoja anaijua sheria ya Hong Kong kuliko ambavyo angeijua kwa Gazeti la Serikali.

Kwa mwanasheria, sina sura ya kwenda nayo, na sitajifanya ninayo. Naongeza tu la kwetu, ambalo mama wa Kyela amelifikia kabla yangu. Kila mtu wa barabara hii, kutoka Iringa, Makambako, Uyole mpaka Songwe, amesikia habari za vijana wa Ethiopia wanaokutwa wamefungiwa ndani ya malori wakielekea Afrika Kusini. Hushtakiwa chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, hukiri kosa kupitia mkalimani iwapo amepatikana, na huenda gerezani. Wengi wao walimlipa mtu aliyewaambia kwamba kila kibali kimeshashughulikiwa njiani. Hao ni wa kifungu cha 8 au cha 11? Mimi, nikipima kwa kipimo nilichokitoa mwenyewe cha mtu ambaye angeuliza asingepata jibu, nashindwa kuwatofautisha na yule mama wa Yogyakarta, isipokuwa kwamba hawa wako mlangoni kwangu na sijawahi kuwaandikia mtu yeyote barua.

Naomba dereva, kwa kuwa uko pale kila wiki, utuangalizie jambo moja: pale mpakani kuna tangazo lolote la sheria zetu lililoandikwa kwa Kiamhari, lugha ya Ethiopia?