Rezista kwenye waya mwekundu wa servo: acheni kupotosha watu!

Wakuu, salamu baadaye. Huu ushauri wa "weka rezista ya ohm 10 kwenye waya mwekundu, servo itazungusha kamera taratibu" ukome leo. (Servo ni mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiamuru; waya mwekundu ndio unaoiletea umeme.)

Piga hesabu. Servo ndogo ikianza kuzunguka inavuta miliampea 300 bila shida. Ohm 10 mara 0.3 ni volti 3 zimeliwa na rezista, kwa hiyo kwenye umeme wa volti 5 servo imebakiwa na 2. Saketi yake ya ndani inazima, inawaka, inazima tena. Ndiyo hiyo tetemeko mnayokimbilia kuiita "servo feki". Servo si feni jamani! Inalinganisha amri yako na potenshiomita iliyo ndani (kifaa kinachopima imegeuka hadi wapi), ikiona tofauti inaikimbilia kwa nguvu zote ilizo nazo. Servo aina ya MG996R kwa volti 4.8 inamaliza nyuzi 60 kwa sekunde 0.17. Ukiinyima umeme unaipunguzia nguvu ya kubeba kamera, amri ya "nenda polepole" bado hujaitoa.

Halafu kuna mabingwa wa delay, amri ya kusubiri kwenye programu. Amri ya write() ya Arduino (ubao mdogo wa kuiamuru servo kwa programu) inapokea nyuzi nzima tu. Ukitaka nyuzi 2 kwa sekunde unaweka delay(500), na kamera inaruka nyuzi moja kila nusu sekunde. Kwa lenzi ya mm 50 kwenye kamera ya fremu nzima, video ya 1080p, nyuzi moja ni kama pikseli 47. Hiyo ni slaidi za semina, siyo video.

"Tumia writeMicroseconds", yaani toa amri kwa urefu wa pigo la umeme badala ya nyuzi. Afadhali, ila hamsemi kwamba servo ni kiziwi. MG996R haisikii badiliko lililo chini ya maikrosekunde 5 hivi, servo ndogo ya SG90 chini ya 10. Nyuzi moja ni takribani maikrosekunde 10, kwa hiyo hata programu iwe safi namna gani, MG996R inasubiri kisha inaruka nusu nyuzi. Kwa mwendo uleule, hiyo ni miruko minne kila sekunde, zaidi ya pikseli 20 kila mmoja.

Dawa ni giya za nje. Meno 16 kwenye servo, meno 80 kwenye kamera, moduli 1 (kipimo cha ukubwa wa meno), mihimili iachane mm 48. Sasa nusu nyuzi ya servo ni 0.1 ya nyuzi kwenye kamera, chini ya pikseli 5, na miruko inakuwa kama 20 kwa sekunde, karibu sawa na fremu 25 za video, jicho haliioni kirahisi. Gharama yake ni kwamba nyuzi 180 zinabaki 36. Zinatosha shoti nyingi.

Na hapa kuna mtego ambao hata wajuzi wanauingia: kuhamisha potenshiomita hadi kwenye giya kubwa ili kurudisha nyuzi 180. Ukifanya hivyo, ule uziwi wa nusu nyuzi umeurudisha kwenye kamera. Umepata nguvu, ulaini umeupoteza. (Giya mbili pia zinageuza upande wa mzunguko; usipobadilishana nyaya mbili za pembeni za potenshiomita, servo inakimbilia ukingoni na kung'ang'ania huko.) Anayetaka mzunguko mpana achukue mota ya hatua (stepper).

Uzito wa kamera ubebwe na beringi, usiubebeshe mhimili wa servo. Funga springi laini ivute giya kubwa upande mmoja muda wote, la sivyo ule mchezo kati ya meno utauona kila unapoanza na kusimama. Kwenye programu, badilisha amri kila milisekunde 20, maana mawimbi ya servo yanakwenda mara 50 kwa sekunde na kuharakisha zaidi ya hapo ni kazi bure. Tunza nafasi kwa desimali, kadiria hadi namba nzima mwishoni tu, na mwendo uanze na kuisha polepole kwa 3t²−2t³ (t ni sehemu ya muda iliyopita, kutoka 0 hadi 1).

Kama bado inatetemeka, usije hapa na picha ya rezista. Angalia umeme: servo ipate chanzo chake cha volti 5 hadi 6 kinachotoa ampea 3, kapasita ya maikrofaradi 1000 karibu na plagi yake, na waya wa GND (hasi) uunganishwe na wa Arduino. Huo wa mwisho ndio mnaousahau.