Kupaka rangi bila kuharibu mistari: Multiply, uwazi au kifimbo?

KalamuNyeusi
Wakuu, mchoro ni wa wino, umeskaniwa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), kwa vivuli vya kijivu, na nataka kuupaka rangi kwenye kompyuta. Rangi inatakiwa ikae chini ya mistari bila mistari kuchakaa. Njia ninazoziona zikitajwa ni tatu: leya (tabaka) ya mistari iwekwe modi ya Multiply, inayochanganya leya kwa kutia giza iliyo chini, weupe ugeuzwe kuwa uwazi, au weupe uchaguliwe kwa kifimbo (zana ya kuchagua pikseli zenye rangi inayofanana) na kufutwa. Ipi inatunza mistari vizuri?

Pikseli_Moja
Kifimbo kiweke kando kabisa. Ukingo wa mstari una pikseli mbili tatu za kijivu kati ya nyeusi na nyeupe, na ndizo zinazofanya mstari uonekane laini. Kifimbo ama kitazifuta, mstari ubaki ngazi ngazi, ama kitaziacha, na ukiweka rangi nzito chini utaona uzi mweupe ukizunguka kila mstari.

Multiply ndiyo ya haraka. Nyeupe inatoweka, nyeusi inabaki, kijivu kinatia giza rangi ya chini kwa kadiri yake. Mistari yenyewe haiguswi.

WinoMzito
Sawa mkuu, ila Multiply inadai karatasi iwe nyeupe kweli. Skana nyingi hutoa karatasi yenye mwangaza wa 235 hivi badala ya 255 (nyeupe kamili; nyeusi ni 0), na hapo kila rangi inatiwa giza kwa takriban asilimia 8. Anza na Levels, zana ya kuweka wapi nyeusi na nyeupe zianzie: vuta ncha ya nyeupe hadi karibu 225, ya nyeusi hadi 40. Usizikaribishe sana, zile pikseli za kijivu zitakufa na utarudi kwenye ngazi ngazi.

Na hifadhi kwa PNG au TIFF. JPEG hukandamiza picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, kwa hiyo huacha vumbi kandokando ya mistari, na vumbi hilo ndilo linalosumbua ndoo ya rangi (zana ya kujaza eneo kwa mbofyo mmoja) baadaye.

Leya_ya_Chini
Mimi ni wa uwazi. Kwenye programu za GIMP na Krita tumia Color to Alpha, chagua nyeupe. Clip Studio Paint ina amri ya kugeuza mwangaza kuwa uwazi, iko kwenye menyu ya Edit. Kwenye Photoshop fungua paneli ya Channels, shika Ctrl na ubofye kijipicha cha RGB, geuza uchaguzi kwa Ctrl+Shift+I, kisha jaza nyeusi kwenye leya mpya.

Kwa mistari myeusi matokeo ni karibu yale yale na Multiply. Faida inakuja ukitaka mstari wa nywele uwe kahawia na wa shavu uwe mwekundu: funga uwazi wa leya ili brashi iguse mistari tu, pitisha brashi, basi.

Pikseli_Moja
Hata Multiply inaweza hilo. Kwenye Photoshop weka leya ya rangi juu ya mistari, ibane kwenye leya ya mistari (clipping mask) ili iathiri leya hiyo tu, modi iwe Screen, inayong'arisha badala ya kutia giza. Nyeusi inachukua rangi, nyeupe inabaki nyeupe. Lakini nakubali, kwa mistari ya rangi nyingi uwazi hauna usumbufu.

KalamuNyeusi
Nimewaelewa. Nikimwaga rangi kwa ndoo kwenye leya ya chini, bado kuna uzi mweupe pembeni hata kwa Multiply. Tatizo nini?

WinoMzito
Ndoo inasimama ikikutana na kijivu, haifiki chini ya weusi. Chagua eneo kwa kusoma leya zote, panua uchaguzi pikseli 3 au 4, ndipo ujaze kwenye leya ya rangi. Upanuzi usifike unene wa mstari, la sivyo rangi itatokea upande wa pili. Kwa dpi 600, mstari wa milimita 0.5 ni pikseli 12 hivi, una nafasi ya kutosha. Kwa dpi 300 ni 6 tu, panua 2.

Leya_ya_Chini
Na kama utapunguza ukubwa wa picha, maliza kupaka kwanza. Ukipunguza mapema, mstari unabaki na pikseli chache na sehemu kubwa yake ni kijivu, rangi haina pa kujificha.