Mdogo wangu anakwenda kupanga chumba karibu na chuo: ni hatari zipi za kweli tunazopaswa kuzikagua?

DadaMkubwa:

Salamu kwenu nyote. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 19, ataanza masomo ya chuo kikuu hivi karibuni. Hakupata nafasi katika mabweni ya chuo, kwa hiyo itambidi apange chumba mtaani pamoja na mwenzake ambaye bado hatumfahamu. Nyumbani kila mtu ana hofu yake: mama anawahofia wezi, baba anawahofia marafiki wabaya, nami nimebaki katikati nisijue lipi ni wasiwasi wa mzazi tu na lipi ni hatari yenyewe. Mimi nilisoma chuo nikitokea nyumbani, hivyo maisha ya mji wa wanafunzi siyajui.

Ningeomba waliowahi kuishi au kufanya kazi katika miji ya namna hiyo wanieleze ni mambo gani hasa huwadhuru wanafunzi, na ni yapi tunaweza kuyakagua siku ya kwenda kutazama chumba, kabla hatujalipa kodi. Tafadhali msiniambie tu kwamba "awe mwangalifu", kwa maana hilo tumeshamwambia vya kutosha.

MuuguziWaZamu:

Dada, nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika zahanati inayowahudumia wanafunzi, na ningependa kuanza na ugonjwa ambao wazazi huwa hawautaji kabisa, yaani homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria aina ya meningokoka. Bakteria hao hukaa puani na kooni mwa watu wengi bila kuwadhuru, kisha huenea kwa mate na makohozi baina ya watu wanaoishi kwa kubanana, na ndiyo maana wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaolala chumba kimoja na wageni waliotoka kila upande wamo katika kundi la kuangaliwa kwa karibu. Ni ugonjwa wa nadra, lakini kasi yake inatisha: asubuhi kijana analalamika homa na kuumwa kichwa, jioni hajitambui. Hata wanaotibiwa, takriban 1 kati ya 10 hufariki, na baadhi ya wanaopona hubaki na uziwi au hupoteza viungo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni wenzake kudhani kwamba ana mafua au uchovu wa pombe, wakamfungia mlango "apumzike". Shingo ikikakamaa, mwanga ukimkera, akianza kuchanganyikiwa, au vipele vikitokea ambavyo havififii unapovikandamiza kwa bilauri ya kioo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mwenye ngozi nyeusi vipele hivyo huonekana kwa shida, hivyo vitafutwe viganjani, kwenye nyayo na ndani ya kope. Wala visisubiriwe, kwa sababu huja wakati mwingine mgonjwa akiwa tayari amezidiwa. Chanjo zipo: moja hukinga dhidi ya aina A, C, W na Y za bakteria huyo, na nyingine dhidi ya aina B. Achanjwe wiki kadhaa kabla ya kuhama, ili mwili upate muda wa kujenga kinga.

Jambo jingine ni saa 72. Msichana au mvulana aliyebakwa, au ambaye kondomu imempasukia, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zijulikanazo kama PEP, lakini ni lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Wanafunzi wengi hutufikia siku ya tano, baada ya aibu kupungua. Na mara nyingi aliyembaka mtu si mgeni aliyejificha gizani bali ni mtu anayemfahamu, kwa hiyo ushauri wa kutotembea usiku, ingawa ni mwema, haumkingi na sehemu kubwa ya hatari hiyo.

MpangajiWaZamani:

Mimi nitazungumzia chumba, kwa sababu chumba nusura kiniue. Nilipokuwa mwaka wa pili nilipanga na mwenzangu chumba chenye dirisha moja dogo, ambalo wakati wa baridi tulilizoea kuliziba kwa blanketi. Usiku mmoja tuliingiza ndani jiko la mkaa tulilopikia uani, tukiamini kwamba kwa kuwa limeacha kutoa moshi, limeacha pia kudhuru. Nilizinduka alfajiri kichwa kikinigonga na miguu ikikataa kunibeba, nikatambaa hadi mlangoni nikaufungua, na jirani akanisaidia kumtoa mwenzangu, ambaye alikaa kwenye oksijeni siku nzima.

Gesi iliyotulevya ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Jenereta iliyowekwa karibu na dirisha au hita ya gesi yenye bomba bovu huitoa vilevile. Dalili zake hufanana na mafua yasiyo na homa: kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ikiwa wote mliomo chumbani mnaumwa kichwa kwa pamoja, nanyi mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani. Kengele ya moshi haiitambui gesi hii. Inahitaji kifaa chake chenyewe.

Sasa nirudi kwa mama yako na wezi wake. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wenye nyumba wachomelee nondo kila dirisha na kuweka geti la chuma lenye kufuli mbili, na nondo isiyomruhusu mwizi kuingia haimruhusu aliyelala ndani kutoka siku ya moto. Mkienda kutazama chumba, ulizeni kama kuna nondo inayofunguka kwa ndani, ufunguo wa geti hukaa kwa nani usiku, na kama njia ya pili ya kutokea ipo. Hesabuni soketi pia. Chumba cha watu wawili chenye soketi moja kitakuwa na ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni kabla wiki haijaisha, pamoja na pasi, birika la umeme na simu zinazochajiwa chini ya mto.

Msimuulize mwenye nyumba peke yake. Mji wa chuo hauna wazee wa kukumbuka: kila baada ya miaka mitatu au minne wapangaji wote wamebadilika, na chumba kilichowahi kumlevya mtu hupakwa rangi kikapangishwa upya. Mtafuteni anayehama, mumuulize kwa nini anahama.

MhadhiriMstaafu:

Ninakubaliana na yaliyosemwa, ila ningeomba kumpinga muuguzi kidogo kuhusu mpangilio. Katika miaka yangu ya kufundisha sikuwahi kumzika mwanafunzi aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo. Niliowazika walikufa barabarani, na wawili walijiua.

Kuhusu barabara sina mengi. Kofia ngumu ya pikipiki, ikifungwa vizuri kidevuni, hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na abiria anaihitaji sawasawa na dereva. Mtu aliyekesha akisoma kwa saa 17 mfululizo huwa mzito wa kuitikia kama aliyekunywa pombe kidogo, na mtu huyo ndiye anayevuka barabara asubuhi kwenda kwenye mtihani.

Kuhusu kujiua nitasema zaidi, kwa sababu familia hulikwepa neno lenyewe. Kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani. Niliowafahamu hawakuwa walevi wala wazembe. Mmoja alikuwa amefeli somo moja na hakujua atawaambiaje waliomlipia ada. Kumuuliza kijana waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, bali mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Mwambieni mapema, kabla hajaondoka, kwamba akifeli anarudi nyumbani kama kawaida, na mseme hivyo mbele ya baba yake.

MuuguziWaZamu:

Mwalimu, mpangilio wako naukubali. Nilianza na homa ile kwa sababu ndiyo isiyosubiri hadi kesho. Ninaongeza mawili. Kwanza, kile kifaa kinachobana kidole kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kiwango kizuri kwa aliyevuta kaboni monoksidi, kwa hiyo asipelekwe nyumbani kwa kukiamini hicho. Pili, aliyelewa hadi kupoteza fahamu asilazwe chali wala asiachwe peke yake, kwa kuwa pombe iliyomo tumboni huendelea kuingia damuni hata akiwa amelala, na matapishi humkaba. Alazwe ubavu, na akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au akikaa zaidi ya sekunde 10 bila kuvuta pumzi, aitwe mtu wa dharura. Kahawa na maji baridi havimzindui.

DadaMkubwa:

Nawashukuru sana. Jana tulikwenda kutazama chumba tulichokuwa tumekipenda. Nondo zote zimechomelewa, na ufunguo wa geti hukaa kwa mwenye nyumba, ambaye hulala nyumba ya pili. Nilipomuuliza kuhusu moto alicheka, akasema kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulalamika. Mpangaji mmoja alikuwa akifunga mizigo yake, na kwa ushauri wa MpangajiWaZamani nilimuuliza kwa nini anahama. Alisema amechoka kuamka na kichwa kila jenereta ya jirani inapowashwa usiku.

Chumba hicho tumekiacha. Kesho tunakwenda kuona kingine kilicho mbali zaidi na chuo, jambo linaloturudisha kwenye pikipiki, hivyo kofia ya pili tumeshaiweka kwenye orodha ya vitu vya kununua. Chanjo ya kwanza anachomwa Jumatatu. Kuhusu lile la kufeli, baba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atamwambia yeye mwenyewe.