Mume wangu kasimamishwa kazi kwa nusu mshahara, kesi haiishi: ajiuzulu au asubiri?

MamaNeema: Wanajukwaa, hamjambo? Mume wangu ni afisa wa ununuzi katika kaunti moja hapa Kenya, jina naliacha. Alikuwa kwenye kamati ya kutathmini zabuni. Mwaka juzi wote waliotia sahihi ile ripoti walishtakiwa kwa ufisadi, naye akapewa barua: amesimamishwa kazi kwa nusu mshahara hadi kesi iishe. Tangu hapo kesi ni kutajwa tu mahakamani, haisikizwi. Leo shahidi hajafika, kesho hakimu kahamishwa. Baba mkwe anasema ajiuzulu alinde heshima ya boma. Kuna kampuni imemwahidi kazi. Nishaurini, maana ada za shule hazijui habari ya nusu.

Mzee_wa_Faili: Pole, mwanangu. Asijiuzulu. Kesi itamfuata huko huko aendako, na kazi atakuwa ameiacha kwa mkono wake. Hiyo barua bila shaka imetaja kifungu cha 62 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003. Ukishtakiwa, unasimamishwa kwa nusu mshahara kuanzia siku ya mashtaka. Ukiachiliwa huru au mashtaka yakiondolewa, kusimamishwa kunakoma. Akihukumiwa, hapo ni kifungu cha 63, na hata hiyo nusu haipo.

Mlipakodi254: Mimi sina huruma. Dawa hospitalini hakuna, halafu mtu wa zabuni analipwa akiwa nyumbani?

Mzee_wa_Faili: Analipwa kwa sababu Katiba, ibara ya 50, inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe. Anatolewa ofisini asiwe karibu na faili na mashahidi. Hayo mawili yanakaa pamoja vizuri tu.

Kipkemboi_K: Mbona magavana walibaki na vyeo?

WakiliMtaani: Kifungu hicho hicho kinaziacha nje ofisi ambazo Katiba yenyewe imeweka njia ya kumwondoa mwenye cheo. Ndiyo maana Lenolkulal, gavana wa Samburu, aliposhtakiwa 2019 hakusimamishwa kama anavyosimamishwa karani. Jaji Mumbi Ngugi alimzuia kuingia ofisini, cheo kikabaki. Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi nao wakakumbana na zuio la namna hiyo mwaka huo huo. Sasa, mama, hapa ndipo penye kazi: kifungu kinasema kesi iamuliwe ndani ya miezi 24. Lakini hakisemi miezi ikipita mtu anarudi mezani kwake. Lenolkulal alihukumiwa 2024, Waititu 2025. Piga hesabu. Wakili wake aombe kesi isikizwe mfululizo, na muda ukipita aende mahakamani na hoja hiyo. Ile kazi ya kampuni asiiguse bila kibali cha mwajiri kwa maandishi, wasije wakamfungulia kesi ya nidhamu juu ya ile ya jinai. Akiachiliwa, aandike kudai nusu iliyozuiliwa.

Shiru_wa_Sacco: Upande wa mikopo, nendeni sacco, kile chama chenu cha akiba na mikopo, na ile barua kabla hamjaanza kuitwa wadaiwa sugu. Ombeni marejesho yapunguzwe na muda urefushwe. Na angalieni karatasi ya mshahara: Sheria ya Ajira inakataza makato kupita theluthi mbili ya mshahara. Kwetu nimeona mtu anabakiwa na nauli tu kwa sababu hakuna aliyerekebisha makato mshahara uliposhuka.

MamaNeema: Asanteni. Makato hayajaguswa hata kidogo, Jumatatu niko sacco. Nimeitoa barua sasa hivi. Kifungu 62 kimetajwa kweli, ila tarehe yake ni wiki sita kabla hajasomewa mashtaka, na nusu ilianza mwezi huo huo.

WakiliMtaani: Hapo pana jambo. Kifungu 62 kinaanza na mashtaka, si uchunguzi wala kuandikisha taarifa EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi. Hizo wiki sita mwajiri aonyeshe alitumia sheria ipi nyingine. Toa nakala ya barua, ya karatasi ya mashtaka na ya mishahara ya miezi hiyo, umpelekee wakili wa mambo ya ajira. Yule wa jinai mwacheni na kesi yake.