Bango linasema dhamana haina malipo, chini yake unaambiwa "changamka kaka"

Wakuu, nimekaa na hili wiki tatu, leo acha niteme nyongo.

Mdogo wangu ni fundi aluminiamu. Alipokea 1,800,000 ya madirisha, vioo vikachelewa, mteja akakosa subira akaenda kituoni. Ijumaa saa kumi jioni dogo akabebwa karakanani. Kosa: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Risiti ya vioo anayo, meseji anazo, fremu nne zimeshakatwa zimeegemea ukutani. Kama kuna deni hapo, ni kesi ya madai. Ila nani ahangaike na madai wakati lokapu inamfanya mtu alipe kesho yake? Vituo vyetu vimekuwa ofisi za kukusanya madeni.

Na hiyo Ijumaa jioni msidhani ni bahati mbaya. Wikiendi mahakama zimefungwa, aliyewahi kuwa na ndugu mahabusu anaelewa.

Nafika kaunta. Juu ya kichwa cha askari kuna bango: DHAMANA HAINA MALIPO. Naomba dhamana. "Mpelelezi hayupo, njoo Jumatatu." Nikauliza, na saa 24 je afande? Akanitazama kama nimemtukania mzazi. "Wewe wakili?" Hapana, kaka yake. "Basi kaa pale kwenye benchi." Baadaye mwenzake akanifuata nje, chini ya mwarobaini: "Kaka, changamka, gari la mpelelezi halina mafuta."

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haijafichwa kabatini. Ukikamatwa bila hati, na ikaonekana huwezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa aliangalie shauri lako, na kama kosa si zito akuachie kwa dhamana. Najua yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5), kile kinachozuia dhamana kwa makosa hayo, kinapingana na Katiba, miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikatengua. Sawa, tumekubali. Lakini madirisha jamani?

Jumamosi mama akapeleka chai na maandazi. Akaambiwa aonje kwanza mbele yao. Mama yangu ana miaka 67, amesimama kaunta anatafuna andazi huku machozi yanamtoka, halafu wanamwambia atoe leso waikague.

Usiku huo ndipo wakamchukua dogo maelezo. Sheria inawapa masaa manne ya kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi, wakihitaji zaidi waongeze kwa utaratibu. Yeye alikuwa ameshalala humo usiku mzima. Ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili kabla ya kuhojiwa. Simu yake ilikuwa kwenye droo yao. Akaambiwa "saini tu hapa uende nyumbani." Hakusoma. Hakwenda nyumbani. Tena kwenye hayo maelezo ya onyo (ndivyo yanavyoitwa maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa polisi) kuna sentensi moja inasema alijua tangu mwanzo kuwa hatafanya kazi. Lugha ile si ya dogo hata kidogo. Tukiyapinga, mahakama itabidi isimame kwanza ichunguze kama aliyatoa kwa hiari. Ndugu zangu, hata kama usingizi umekulemea, SOMA kabla hujasaini. Kukaa kimya pia unaruhusiwa.

Jumatatu hakupelekwa. Jumanne ndiyo kapandishwa kizimbani, kasomewa shtaka, kaulizwa kweli au si kweli. Akajibu, "Ni kweli nilipokea hela, ila sikumtapeli." Moyo wangu ukasimama, nikajua kajimaliza. Hakimu, Mungu ambariki, akaandika kuwa amekana. Kumbe kukiri lazima kuwe hakuna "ila".

Dhamana pale mahakamani ilitoka ndani ya dakika ishirini: wadhamini wawili, vitambulisho vya NIDA, barua za serikali ya mtaa. Dakika ishirini! Siku nne za lokapu zilikuwa za nini?

Mwendesha mashtaka naye anasimama: "Upelelezi haujakamilika." Hivi si ndiyo marekebisho ya 2022 yalisema kesi zisifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, ukiacha yale makosa mazito?

Mteja sasa anasema kasamehe, anataka kufuta. Wengi hudhani akisema hivyo yameisha. Wapi! Kesi ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi tu. Mwenye uwezo wa kuiondoa ni upande wa mashtaka. Mwenye wakili wa msaada wa kisheria asiyezungushana aje PM, kesi inatajwa Alhamisi.

Jana huyo mteja kampigia dogo. Anauliza madirisha yatakuwa tayari lini.