Zimamoto irudishwe jiji, au ibaki wizarani?

Baba Nai, Ngarenaro
Wakuu salaam. Tujadili bila matusi, ingawa najua naomba mengi. Kila soko likiungua maneno ni yale yale: wamechelewa, gari halina maji. Inaundwa kamati, tunasahau. Mimi naona mambo yaliharibika zimamoto ilipotolewa halmashauri ikapelekwa Mambo ya Ndani kwa ile sheria ya 2010. Ilipokuwa ya manispaa, diwani alibanwa kwenye kikao na mkurugenzi akajibu. Leo ukimuuliza diwani anakwambia hilo ni la wizara. Arusha ni jiji, inashindwaje kuwa na zimamoto yake? Miaka ya sabini katikati, mimi mtoto, king'ora kikilia gari limeshatoka kabla hujavaa ndala. Siku hizi ni wazima majivu tu.

Wakili Mdogo
Shikamoo mzee. Sheria ni Namba 14 ya mwaka 2007, siyo 2010. Halafu hiyo "sabini katikati" inanitatiza. Halmashauri zilianza kufutwa 1972 kwa mpango wa madaraka mikoani, kazi zao zikashikwa na serikali kuu, za miji zikaanza kurudishwa 1978. Kwa hiyo hilo gari ulilolikimbilia na ndala moja halikuwa la halmashauri yoyote. Lilikuwa la serikali kuu, unayoikataa leo.

Baba Nai
Marahaba. Wewe umezaliwa mwaka gani?

Wakili Mdogo
Mwaka haubadilishi sheria, mzee wangu.

Baba Nai
Nimeuliza mwaka gani. Mimi gari nililiona kwa macho, wewe umelisoma.

Mzee Mpira
Nimeitumikia zimamoto tangu ikiwa Kikosi mpaka ikawa Jeshi, nimestaafu. Hilo la "wazima majivu" naomba lifutwe. Sasa sikilizeni hesabu, maana hakuna anayeipiga. Chukua gari lililobeba lita 5,000. Ukitandika mipira miwili ya maji, kila mmoja unamwaga lita 400 kwa dakika, basi dakika 6 tangi limeisha. Halikuja tupu! Limeisha mbele ya macho yenu, na ninyi simu ziko hewani mnarekodi. Baada ya hapo tunategemea haidranti, yale matoleo ya maji ya barabarani tunapounganisha mipira, na bomba la barabarani si mali ya zimamoto, ni la mamlaka ya maji. Uirudishe jiji au uipeleke mbinguni, kama haidranti ya karibu haina presha, dakika ni zile zile 6. Na ninyi wafanyabiashara wa masokoni muache kuunganishiana umeme kibanda kwa kibanda kwa nyaya za spika.

Mama Robota
Nyaya za spika? Hapo umenigusa, mzee. Sisemi soko gani wala mji gani, lakini mimi niliunguliwa. Moto ulishazimwa, naona kwa macho yangu moshi umekatika. Akaja mmoja na kofia yake ngumu, akachukua shoka akapasua marobota yangu mazima, akayamwagia maji mpaka yakaelea. Marobota ambayo hayajaungua! Mitumba ya daraja la kwanza. Moto ulinihurumia, zimamoto haikunihurumia. Nani alinilipa?

Chalii ya Sakina
Hahaha mama pole, ila "moto ulinihurumia" nimeichukua.

Mzee Mpira
Mama, pole sana, ila hayo marobota hayakuwa mazima. Robota la mitumba limebanwa na mashine, hewa ndani ni kidogo, kwa hiyo moto ukiingia hauwaki kwa ndimi, unatambaa polepole kama kaa la mkaa. Nje unagusa pamepoa. Ukiliacha hivyo, saa nane usiku linapasuka lenyewe na soko linaungua mara ya pili, na hapo mtasema tuliondoka mapema. Robota linapasuliwa, linatawanywa, linaloweshwa. Ndiyo kazi yenyewe.

Mama Robota
Ningeulizwa kwanza.

Mzee Mpira
Nani aulizwe saa hiyo mama? Kuna mia mbili wanavusha mizigo juu ya mpira wa maji, wengine wameukanyaga kabisa, mbele huku maji yanatoka kama ya birika.

Mama Robota
Ningeulizwa tu. Ningesema pasua, ila ningeulizwa.

Mangi wa Kiborloni
Naona Arusha mnajadili kama vile ninyi ndio mna moto peke yenu. Huku Moshi tulishajifunza kujitegemea. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka kule Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo. Gari lenu la lita 5,000 lingepandia wapi? Walipanda watu: askari wa hifadhi, wapagazi, wananchi, wanafunzi wa chuo cha Mweka, na mapanga na matawi mabichi. Kwa hiyo mimi nasema zimamoto ya kwanza ni jirani. Halafu moto wa Kaloleni ulizimwa na vijana wa mtaani kabla ya king'ora.

Chalii ya Sakina
Kaloleni ipi?

Mangi wa Kiborloni
Kaloleni. Iko moja.

Chalii ya Sakina
Mangi usituibie mtaa. Kaloleni iko Arusha.

Mangi wa Kiborloni
Ya kwenu mliiga. Kama mlivyoshindwa kuiga usafi.

Baba Nai
Jamani mada ni zimamoto.

Chalii ya Sakina
Mzee ndiyo mada hiyo. Mtu akipiga simu anapiga kelele "Kaloleni inaungua" halafu anakata, gari litoke wapi? Majengo nayo mko nayo, sisi tunayo. Na usafi wa Moshi tunaujua, mji mdogo hata mimi na fagio moja naumaliza kabla ya chai.

Mangi wa Kiborloni
Mdogo lakini barabara zimenyooka, gari linapita. Huko kwenu gari la zimamoto linapiga hodi kwenye kila meza ya machinga.

Dada Rombo
Mnataniana vizuri, ila mimi ni wa Rombo. Sekondari ya Shauritanga, Juni 1994, moto uliua wasichana wapatao 40 bwenini usiku mmoja. Nilikuwa mdogo, mama alikataa kabisa mimi kwenda shule ya bweni. Kutoka mjini hadi kule, hata gari lingejaa maji na dereva angekuwa malaika, moto wa bweni haungoji. Kwa hiyo wizara au halmashauri mimi sijali sana. Nauliza nani anakagua madirisha. Leo hii nikipita shule naona nondo dirishani na mlango mmoja.

Wakili Mdogo
Dada, ukaguzi uko kwenye sheria hiyo hiyo ya 2007. Jeshi lina mamlaka ya kukagua majengo na kutoa hati.

Mama Robota
Na kutoza! Kukagua wanakuja, tena wanaijua njia vizuri. Hapo hakuna foleni ya machinga.

Baba Nai
Umeona sasa? Hela ya ukaguzi inakwenda serikali kuu. Ingebaki jiji tungenunua magari.

Mzee Mpira
Halmashauri ilipokuwa nayo mzee, hela ilikwenda wapi? Niliwahi kusubiri tairi la gari la zimamoto mpaka bajeti mpya. Gari limepandishwa juu ya mawe, na madiwani wako wanapitisha posho.

Baba Nai
Usinitajie madiwani wangu. Sijasema halmashauri ya zamani ilikuwa ya malaika. Nimesema ilijulikana mlango wake.

Chalii ya Sakina
Hapo na mimi nakubali. Ila Arusha tumepata mradi wa maji wa bilioni 520, wakuu. Mzee Mpira amesema haidranti. Basi swali liende kwa watu wa maji, siyo kwa diwani wala waziri. Mtaani kwetu hata sijui iko wapi, kama si chini ya kibanda cha chipsi.

Mama Robota
Msitukane vibanda.

Mangi wa Kiborloni
Haidranti ya Kaloleni mimi naijua ilipo.

Chalii ya Sakina
Ipi?