Ushauri: alama za kasi za plagini ziaminiwe kwa kiasi gani?

Mkazi wa Chumbageni
Ndugu wanajamvi, salaam. Ninasimamia tovuti ya nyumba ndogo ya wageni hapa Tanga, na wengi wanaoifungua kwa simu ni watu wanaokuja kutembelea mapango ya Amboni. Tovuti imejengwa kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Niliweka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kuonyesha picha kwa sababu watengenezaji wake wanatangaza kuwa ukurasa wao wa mfano umepata alama 98 kati ya 100, na watumiaji wameipa karibu nyota 5. Nilipoupima ukurasa wangu kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya kurasa, nikapata 54. Nusu saa baadaye, bila kugusa kitu, nikapata 67. Nimwamini nani?

Fundi wa Ngamiani
Ndugu yangu, huenda hakuna aliyekudanganya. Ile 98 ni alama ya ukurasa wao, wala si ya plagini, na muuzaji hawezi kuweka dirishani ukurasa uliolemewa na plagini nyingine kumi kama wa kwako. Kipimo chenyewe huiga simu ya kiwango cha kati kwenye 4G ya polepole, na matokeo hupanda na kushuka kwa kufuata hali ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) na mtandao wa wakati ule. Kwa hiyo pima mara 5, zipange alama, uchukue ya katikati. Kisha zima plagini hiyo peke yake na upime ukurasa uleule mara 5 tena. Fanya hivyo kwenye nakala ya majaribio, wateja wasije wakakuta ukurasa hauna picha.

Nyota nazo zisomwe kwa uangalifu. Wengi huzitoa kwa kumshukuru mtengenezaji aliyewajibu upesi, hawakupima kasi hata siku moja, na zilizotolewa kwa toleo la zamani bado zinahesabiwa. Mimi husoma maoni ya nyota 1 na 2 ya karibuni kwanza.

Mwenyeji wa Bagamoyo
Naafikiana na fundi, ila usiifanye alama kuwa ndiyo kasi yenyewe. Juu ya ripoti hiyohiyo, tovuti ikiwa na wageni wa kutosha, huwekwa takwimu za watumiaji halisi wa Chrome za siku 28, na hapo kinachotakiwa ni kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5 katika angalau robo tatu ya ziara. Mimi niliwahi kuondoa plagini, alama zikapanda, na wateja wakaendelea kulalamika. Kumbe seva ilikuwa mbali na picha nilizipandisha kama zilivyotoka kwenye kamera. Chukua simu ya bei nafuu, washa data badala ya Wi-Fi ya ofisini, ufungue ukurasa kama mgeni.

Mkazi wa Chumbageni
Nimefanya kama mlivyoelekeza. Plagini ikiwa imewashwa, alama ya katikati ni 61. Ikiwa imezimwa, 65. Picha ya juu kabisa ya ukurasa nimeikuta na megabaiti 4.

Fundi wa Ngamiani
Tofauti ya alama 4, wakati kipimo chako kiliruka 13 bila kuguswa, haitoshi kuihukumu plagini. Iache kwa sasa. Punguza hiyo picha, kisha upime upya.